Maswali Yenu ya Vitabu: Barua za Mahasimu

Mwezi huu barua nne kati ya zilizotufikia zinahusu kitabu kimoja, nami nimeonelea nizijibu pamoja, ingawa ya kwanza itachukua nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu imegusa kiini cha jambo lenyewe.

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nairobi, na jioni hupenda kusoma ndani ya matatu nikirudi Kayole. Katikati ya mji, kwa mchuuzi wa vitabu vya mitumba, nilinunua kitabu chembamba cha Kiingereza kiitwacho This Is How You Lose the Time War, kwa sababu binti ya dada yangu, ambaye yuko chuo kikuu, alikisifu huku machozi yakimlengalenga. Nimekianza mara tatu, na mara zote tatu nimekiacha kabla ya ukurasa wa 40. Sielewi nani anapigana na nani, vita vyenyewe ni vya nini, wala watu hao husafiri vipi katika wakati. Zaidi ya hayo, inanitatiza kwamba wanaopendana ni maadui ambao kila mmoja amewaua watu wa mwenzake. Je, tatizo ni mimi, ni Kiingereza changu, au ni kitabu? Na kuna namna ya kukisoma ili nami nikifurahie? (Mwalimu, Kayole)

JIBU: Mwalimu, pokea salamu zangu, na pole kwa safari hizo tatu. Tatizo si wewe, wala si Kiingereza chako. Nadhani umeingia katika nyumba hii kupitia uani, ukakuta masufuria yametapakaa, ukadhani hapo ndipo sebuleni. Umekisoma kama hadithi ya vita iliyotiwa barua ndani yake, ilhali ni bunda la barua lililofungwa kwa kamba ya vita, na anayeanza kwa kuichambua kamba atachoka kabla hajaifungua barua ya kwanza.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajakiona, nieleze kwa ufupi. Kitabu kiliandikwa na watu wawili, Amal El-Mohtar wa Kanada na Max Gladstone wa Marekani, kikatoka mwaka 2019, na mwaka uliofuata kikatunukiwa tuzo za Hugo na Nebula kwa upande wa riwaya fupi, tuzo ambazo waandishi wa bunilizi za kisayansi huzithamini mno. Wahusika wakuu ni majasusi wawili wa kike wanaotumikia himaya mbili zinazogombea historia. Mmoja ana jina la rangi nyekundu na mwenzake la rangi ya samawati, nami nitawaita Nyekundu na Samawati. Nyekundu hutumikia Wakala, himaya ya mitambo na mahesabu. Samawati hutumikia Bustani, himaya ya viumbe hai vilivyoungana mizizi na fikra. Kila upande huwatuma watu wake katika nyakati zilizopita wakamwue mfalme huyu au wamwokoe mtoto yule, ili historia ipinde kidogo na hatimaye iishie kwao. Ukitaka kuliona jambo hilo kwa macho yako, usifikirie mashine. Mfikirie mama wa Lamu anayesuka ukili: akiuchomoa mwaa mmoja hapa na kuuingiza mwingine wa rangi, ua la mkeka linabadilika kule mbele, mahali ambapo mikono yake bado haijafika.

Hayo ndiyo yote unayohitaji kuyajua kuhusu vita hivyo. Waandishi hawakueleza zaidi, na hawakunyamaza kwa uzembe, kwa sababu majasusi wenyewe huziona pande zao kama samaki anavyoyaona maji. Hata hivyo sitawatetea kupita kiasi. Kurasa za mwanzo ni nzito, na mara nyingine sentensi imevishwa mapambo mengi kuliko inavyoweza kuyabeba, hata msomaji mwenye subira akatamani mtu amwambie tu kama ni asubuhi au ni jioni. Ukikutana na sentensi ya namna hiyo, ipite kama unavyompita mtu aliyejipamba kwa ajili ya harusi isiyokuhusu. Hakuna kitu cha lazima kilichofichwa ndani yake.

Sasa angalia umbo la kitabu, maana ndilo litakalokusaidia. Karibu kila sura ina vipande viwili: kwanza tunamwona jasusi mmoja kazini, katika zama fulani na nchi fulani, kisha anaikuta barua ya mwenzake, nasi tunaisoma pamoja naye. Kitabu kizima ni kurasa 200 hivi. Mimi nilikisoma mara ya kwanza kwa usiku mmoja, na asubuhi nilikuwa kama mtu aliyekula nusu kilo ya halua peke yake. Mara ya pili nilisoma barua moja kila jioni baada ya chakula, nikaifunga, nikalala, na hapo ndipo nilipokipenda. Barua inataka kungojewa. Ndani ya matatu ya Kayole, muziki ukivuma na kondakta akidai nauli, unaweza kuisoma riwaya ya upelelezi bila shida yoyote, lakini barua hizi zinakuhitaji uzime redio na ukae.

Jaribu, kwa mfano, na ile barua ya maji. Samawati anaingia hospitalini, mahali palipoachwa patupu, na ndani ya mashine ya kupiga picha za mwili anakuta chombo cha kioo chenye maji. Barua imo ndani ya maji hayo, nayo husomwa maji yanapotokota. Neno linapanda na povu, linapasuka, linafuatwa na jingine. Barua nyingine imo katika majani ya chai yaliyosalia kikombeni, nyingine katika pete za gogo la mti, nyingine katika mbegu ambazo msomaji lazima azile ili azisome. Msomaji mwenye haraka husema huo ni ufundi wa kujionyesha. Mimi naona ndio roho ya hadithi. Wawili hawa wakikamatwa wakiandikiana, kila mmoja atauawa na watu wake mwenyewe, kwa hiyo barua haiwezi kuwekwa sandukuni wala kufichwa chini ya godoro. Husomwa mara moja tu, kisha hutoweka. Anayeisoma hana budi kuishika yote moyoni, neno kwa neno, na nyuma yake kuna mtu asiyejulikana anayefuata nyayo na kuokota masalio ya kila barua.

Hapo ndipo ninapolifikia swali lako la uadui, ambalo umelisema vyema na sitalipita haraka. Barua ya kwanza si ya mapenzi hata chembe. Huachwa katika uwanja wa vita ambao Nyekundu ameushinda, ikiwa na agizo la kuchomwa kabla ya kusomwa, na iliyomo ni majigambo: nimekuona, ninakujua, na ushindi wako huu nimekwisha kuutilia mchanga. Nyekundu anajibu kwa majigambo. Samawati naye anajibu. Mapenzi hayaingii kwa mlango wa huruma bali kwa mlango wa umakini, kwa maana hakuna mtu anayekusoma kwa makini kama hasimu wako. Rafiki akipokea barua yako huichungulia, akacheka, akaiweka kando, kwa kuwa anadhani anakujua. Hasimu hupima kila neno: kwa nini amesema hivi, kwa nini hapa amenyamaza, ameumwa na nini alipoandika mstari huu? Baada ya barua sita au saba za namna hiyo, Nyekundu anagundua kwamba hakuna mtu katika jeshi lake lote aliyewahi kumsoma kwa kiasi hicho, naye hajawahi kumsoma mtu mwingine hivyo.

Jambo hili si geni kwetu, Mwalimu, na ningefurahi ukilitafuta kwa Kiswahili kabla ya kukirudia kitabu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu ilipokuwa ikipambana na Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa katika vita ambavyo washairi waliviita vya Kuduhu, na ambavyo viliishia kwa ushindi wa Lamu kule Shela, washairi wa pande hizo walirushiana mashairi. Muyaka bin Haji alikuwa wa Mombasa. Kule Lamu kulikuwa na Bwana Zahidi Mgumi, kiongozi na mshairi. Shairi lilivuka maji, likasomwa, likajibiwa. Nawe unaifahamu kanuni ya kujibizana: mara nyingi anayejibu hulichukua umbo la shairi la mwenzake, mizani kwa mizani, na pengine hata vina vyake, akayapindua maneno yaleyale yamrudie aliyeyatuma. Huwezi kufanya hivyo bila kulihifadhi shairi la adui mpaka likatembea ndani ya kichwa chako. Lazima ukae katika nyumba yake ili ujue nguzo ya kuisukuma. Sisemi kwamba watu wa Lamu na wa Mombasa walipendana kwa sababu hiyo; watu walikufa pale Shela, na sitaki kulifunika hilo kwa maua. Nasema kwamba sikio lililohitajika kwa kujibu ndilo sikio lilelile linalohitajika kwa kupenda, na waandishi wa kitabu chako wamelifuata wazo hilo hadi mwisho wake.

Kuhusu damu, kitabu hakiisafishi. Majasusi hawa wanaua hata katikati ya barua zao tamu, na kuna kurasa ambapo utawachukia wote wawili. Kinachobadilika ni kwamba kila mmoja anaanza kumwona mtu mahali ambapo alifundishwa kuona upande. Wewe unaweza kukataa kuwasamehe na bado ukakifurahia kitabu. Mimi mwenyewe sijawasamehe kwa yote.

Neno moja la mwisho kwako. Ukikirudia, soma kwanza maamkizi ya kila barua, hayo peke yake, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Yanaanza kwa ukavu wa mtu anayemtambua mpinzani, kisha kila mmoja anaanza kumtafutia mwenzake majina kutokana na vitu vyenye rangi yake, vya angani, vya baharini, vya mwilini, mpaka maamkizi yenyewe yanakuwa zawadi. Jioni moja nilijaribu kuyaandika ya kwangu kwa Kiswahili, nikaanza na “Kwako, wekundu wa magharibi kabla ya adhana,” nikafuta, nikaandika “Kwako, samawati ya chini ya ngalawa,” nikaiacha hiyo ibaki. Sisi tuliosoma shule za bweni tunalikumbuka fungu letu: “Mimi ni buheri wa afya, hofu ni kwako wewe.” Tuliliandika bila kulifikiri, kwa kuwa lilikuwa desturi. Likitoka kwa jasusi kwenda kwa jasusi anayewindwa, kila neno la fungu hilo lingekuwa na uzito wake kamili.

SWALI: Mhariri, kitabu kilitoka 2019. Mbona vijana wanakizungumzia kana kwamba kimetoka jana? (Msomaji, South B)

JIBU: Mwezi Mei 2023 shabiki mmoja wa katuni za Kijapani aliandika ujumbe mfupi kwenye Twitter akiwahimiza wenzake wakisome bila hata kutafuta habari zake kwanza. Ujumbe ulisambaa kwa kasi, na ndani ya siku chache kitabu kikapanda hadi miongoni mwa vilivyokuwa vikiuzwa zaidi huko Amazon, miaka minne baada ya kutoka. Huenda nakala zinazofika kwa wachuuzi wetu zimetokana na wimbi hilo. Ushauri wa shabiki yule una hekima yake: ukiujua mwisho kabla ya kuanza utapoteza kitu cha thamani, na ndiyo sababu sijagusia hapa yanayotokea baada ya nusu ya kitabu.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Nilikisoma chote, na sikuona sayansi ndani yake. Hakuna mtambo ulioelezwa, hakuna kanuni. Kwa nini kiitwe bunilizi ya kisayansi na si hadithi ya jini na jini? (G.M., Ngara)

JIBU: Ndugu yangu, hoja yako ina nguvu kwa upande mmoja. Zipo bunilizi ambazo mwandishi wake anakuonyesha parafujo ya mwisho, na anayezipenda hizo atakiona hiki kama moshi mtupu. Lakini sayansi iliyomo hapa iko katika swali linaloulizwa: kama chanzo kikibadilishwa, matokeo yanabadilika kwa kiasi gani, na mtu aliyetokana na chanzo hicho ana haki gani juu yake? Wakala na Bustani ni majibu mawili tofauti kwa swali la binadamu atakuwa nini akiachiwa mitambo, au akiachiwa elimu ya viumbe, mpaka ukomo wake. Hata njaa imefikiriwa kwa makini. Watu wa Nyekundu wamefika mahali ambapo kula si lazima tena, na kwa sababu hiyo Nyekundu anapozungumzia ladha huzungumza kama mtu anayezungumzia usanii, jambo linalomshangaza mwenzake. Mhandisi akikisoma kwa kuuliza mwili wa namna hii ungetaka nini, atapata kazi ya kutosha. Barua ile ya maji nayo iangalie tena kama tatizo la mawasiliano: ujumbe unaosomeka mara moja, unaojifuta, na usioacha nakala. Nadhani katika fani yako kuna watu wanaolitafuta jambo hilohilo.

SWALI: Mhariri mpendwa, sisi ni kina mama wanane wa mtaa mmoja huko Umoja, tuna chama cha akiba ambacho tangu mwaka jana tumekitia pia usomaji wa vitabu. Tunataka kukisoma hiki, lakini wenzetu wanne hawakipendi Kiingereza kigumu. Tufanyeje, na kuna vya Kiswahili tunavyoweza kuvisoma kando yake? (Katibu wa chama, Umoja)

JIBU: Dada Katibu, hongereni kwa kuyaweka mambo mawili katika kikapu kimoja. Nianze na vya kando. Kwa upande wa barua, someni Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979. Yule ni mjane anayemwandikia rafiki yake, si adui, lakini mtaona barua moja inavyoweza kubeba nyumba nzima. Kwa upande wa safari ya kwenda katika ulimwengu usiokuwapo, ipo Walenisi ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa kufa anajikuta katika nchi ya usawa, na ipo Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila ya mwaka 2002. Na kwa mahasimu, itafuteni diwani ya Muyaka, kwanza mkiulizia katika Maktaba ya McMillan pale Barabara ya Banda. Beti zake zilihifadhiwa sana vichwani mwa watu, na miaka mingi baada ya kifo chake ndipo Mwalimu Sikujua wa Mombasa alipozikusanya zikaandikwa. Wasomeeni wenzenu kwa sauti, kwa kuwa ushairi ule haukutungwa kwa ajili ya macho.

Kuhusu kitabu chenyewe, msikigawe kwa kurasa. Kigawanyeni kwa wahusika. Wanne wanaokisoma Kiingereza bila shida wachukue upande mmoja mmoja, wawili wa Nyekundu na wawili wa Samawati, na kila mkutano wamsimulie mwenzao asiyekipenda Kiingereza barua moja, kwa Kiswahili, kwa kinywa, bila kuishika karatasi. Huyo aliyesimuliwa ndiye awasimulie wengine. Barua itakuwa imepita mikononi mwa watu wawili kabla ya kuwafikia wote, na mtaona ni neno gani limebaki na ni lipi limepotea njiani.

Waandishi nao hawakufanya tofauti sana na hivyo. Walikuwa marafiki waliozoea kuandikiana barua za mkono. Walipokaa kukitunga kitabu, Gladstone alimshika Nyekundu na El-Mohtar akamshika Samawati, wakaketi wakitazamana katika kibanda cha bustanini, kila mmoja akiandika sehemu yake huku mwingine akiandika yake, kisha wakapokezana. Mpango wa jumla waliujua, lakini maneno ya barua hawakuambiana mapema. Mnapokutana na jibu ambalo linaonekana kushtuka, mshtuko huo ni wa mtu halisi aliyekuwa ameketi upande wa pili wa meza.

Mkishafika katikati, nawasihi mjaribu wenyewe. Andikeni majina manane kwenye vipande vya karatasi, kila mmoja achukue jina moja bila kulisema, na amwandikie mwenye jina hilo barua ya nusu ukurasa, kali kiasi, kama hasimu aliyeheshimu. Barua ya kwanza isiwe na sifa yoyote. Iwe na jambo moja tu alilolitambua kwa mwenzake ambalo mwenzake hakudhani limeonekana. Msizitie sahihi. Zifichwe nyumbani kwa mwenyeji wa mkutano, chini ya kisahani, ndani ya bakuli la sukari, katika pindo la leso iliyoanikwa, na kila mmoja aitafute yake. Jibu liletwe mkutano unaofuata.